Entropi Si Fujo

Mwalimu wetu wa fizikia wa kidato cha tano aliingia bwenini Jumamosi moja asubuhi, siku ya ukaguzi, akasimama katikati ya vitanda bila kusema neno. Tranka zilikuwa wazi, ndala zimezagaa, chandarua kimoja kimening'inia kwa kamba moja, na ndoo ya mtu imelala ubavu chini ya kitanda cha mwenzake. Tulijua tumekwisha. Yeye akatabasamu, akasema: "Mnaiona hii? Hii ndiyo entropi. Kitu chochote kikiachwa chenyewe huelekea kwenye fujo." Tukacheka, tukashika mifagio, na sentensi ile ikatuganda kichwani kuliko ukurasa wowote wa kitabu.

Nilimpenda mwalimu yule na ninamshukuru mpaka leo, kwa kuwa ndiye aliyenionyesha kwamba fizikia inaweza kutoka ubaoni ikaingia chini ya kitanda. Lakini sentensi yake haikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nimekutana nayo kila mahali: kwenye vitabu vya kiada, kwenye hotuba za mahafali, kwenye mahubiri, kwenye mijadala ya siasa. Msemaji hukohoa kidogo, akatangaza kwamba "hata sayansi imethibitisha kuwa kila kitu huelekea kuharibika," kisha akajenga juu ya msingi huo chochote anachotaka. Mmoja hudai kwamba uhai hauwezekani bila kuvunja kanuni ya pili ya themodinamiki. Mwingine hudai kwamba jamii isiyo na mkono mzito juu yake lazima isambaratike, maana ndivyo maumbile yalivyo.

Ninaipenda fizikia takwimu, taaluma inayouliza mabilioni ya chembe yakikusanyika hufanya nini pamoja, na kwa sababu hiyo siwezi kuliacha neno hili lipite. Entropi si kipimo cha fujo. Ni hesabu ya idadi ya namna. Tofauti hiyo si ya maneno tu, kwa sababu fikra hizo mbili hutabiri mambo tofauti, na tukienda maabara moja hushinda na nyingine hushindwa.

Tuwape kwanza haki yao wanaosema ni fujo, kwani hawakuokota neno hilo jalalani. Rudolf Clausius, Mjerumani aliyelibuni neno entropi mwaka 1865, hakutaja fujo. Yeye alikuwa akigawanya kiasi cha joto kinachopita kwa halijoto ya mahali linapopita. Ila mwaka 1882 Hermann von Helmholtz aliifananisha entropi na ukosefu wa mpangilio, na Ludwig Boltzmann wa Vienna, ambaye kuliko mtu yeyote ndiye aliyetuonyesha entropi inatoka wapi, naye aliwahi kuzungumza kwa lugha hiyo hiyo. Wakubwa wakisema, wadogo hurudia.

Isitoshe, mifano ya kila siku huwaunga mkono. Choma udi kwenye chetezo: moshi hujaa chumba kizima, wala hutauona ukijikusanya na kurudi kwenye kaa lake. Sukari huyeyuka kwenye chai, haijirudishi kuwa chembechembe chini ya kikombe. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi humeza takriban jouli 334 za joto, na molekuli zilizokuwa zimejipanga safu kwa safu huanza kuteleza huku na huko. Katika mifano hiyo yote jicho na hesabu husema jambo moja. Ingawa basi ninapinga neno hili, siwezi kumwita mjinga aliyelitumia. Amechukua mifano mitatu iliyokubaliana naye, akadhani imemaliza habari.

Sasa tuhesabu. Chukua kete za bao, zote 64, uzipe kila moja namba yake ili tuweze kuzitofautisha. Gawa ubao katikati, kulia na kushoto, kisha zimwage kete bila kutazama. Ni kwa namna ngapi kete zote zinaweza kuangukia kushoto? Namna moja tu. Moja ikiwa kulia na 63 kushoto? Namna 64, kwa kuwa yoyote kati yao inaweza kuwa hiyo moja. Na zikigawanyika 32 kwa 32? Hapo idadi ya namna inazidi 1.8 × 10¹⁸, yaani bilioni moja na nukta nane mara bilioni. Ukimwaga kete usiku kucha utaziona zimegawanyika karibu sawa kwa sawa kila mara, na hakuna nguvu yoyote inayozisukuma zifanye hivyo. Hali yenye namna nyingi ndiyo unayoikuta, kwa sababu iko kila unapogusa.

Hewa ya pumzi moja ya kawaida ina molekuli zaidi ya 10²². Ikiwa kete 64 tu zinatupa tofauti kubwa kiasi kile, fikiria kwa molekuli hizo. Kanuni ya pili ya themodinamiki ni hiyo tu: mfumo uliofungiwa, usiopokea wala kutoa kitu, utakutwa kwenye hali yenye namna nyingi kuliko zote, kwa nishati na nafasi uliyonayo. Kwenye kaburi la Boltzmann, katika makaburi makuu ya Vienna, imechongwa S = k log W. S ni entropi, k ni namba thabiti iliyopewa jina lake, takriban 1.38 × 10⁻²³ jouli kwa kelvin, na W ndiyo hiyo idadi ya namna. Angalia kwamba tulipohesabu kete hatukuuliza hata mara moja kama ubao unapendeza, kama umepangika au umevurugika. Swali hilo halimo ndani ya hesabu.

Nianze na bweni lenyewe, kwani ndiko uongo ulikozaliwa kwangu. Tuseme mle ndani mna vitu 100 vinavyoweza kuhama, ndala, vikombe, vitabu, na kila kimoja kina mahali 1,000 pa kukaa. Ninakubali ukarimu huu wote. Idadi ya namna za kuvitawanya ni 1,000 kwa kipeo cha 100, yaani 1 yenye sifuri 300 nyuma yake. Inatisha kuitazama. Lakini chukua logarithimu yake asilia, uizidishe kwa namba ya Boltzmann, na unachopata ni kama 10⁻²⁰ jouli kwa kelvin. Sasa weka kando kikombe chenye gramu 200 za maji, yaliyo kwenye nyuzi 27, uyapashe mpaka 28. Entropi yake imepanda kwa takriban 2.8 jouli kwa kelvin. Kikombe kimoja kilichopata uvuguvugu wa nyuzi moja kimeongeza entropi mara 3 × 10²⁰ kuliko bweni zima lililogeuka jalala. Kwa vipimo vya mwanafizikia, bweni lililopangwa na bweni lililovurugika ni bweni lile lile. Na sisi tuliokuwa tukifagia, kwa jasho na joto la miili yetu, tuliongeza entropi ya dunia asubuhi ile kuliko ndala zote zilizowahi kuzagaa mle.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mwalimu alitoa mfano tu, na mfano hauhitaji kupimwa kwa kalorimita. Sawa. Tuuchukue kama mfano, tuuulize maswali ambayo mfano mzuri ungeyajibu.

La kwanza lipo jikoni. Tia mafuta ya alizeti kwenye chupa ya maji, funga, tikisa kwa nguvu. Kwa dakika chache una kitu cheupe kama tui jepesi, kila kitu kimechanganyika na kila kitu. Iache chupa mezani. Vitone huanza kupanda, viwili hugusana vikawa kimoja, kimoja humeza kingine, na ukirudi baadaye unakuta tabaka mbili na mstari safi kati yao, kama umechorwa kwa rula. Anayesema maumbile hupenda fujo angetabiri mchanganyiko ubaki mchanganyiko. Kilichotokea ni kinyume.

Jibu tulilozoea ni kwamba mafuta na maji "hayapendani". Wanakemia walipopima, walikuta jambo la ajabu. Chukua heksani, jamaa rahisi wa mafuta: ukizihamisha molekuli zake kuzitia kwenye maji kwa halijoto ya kawaida ya chumba, joto linaloingia au kutoka ni karibu sifuri. Kama tatizo lingekuwa kuchukiana, gharama ingeonekana kwenye joto. Haionekani. Gharama iko upande wa entropi: maji yanayoizunguka molekuli ya mafuta hupoteza sehemu ya uhuru wake wa kujigeuza, kwa sababu molekuli za maji hushikana mikono, na zikikutana na kitu kisicho na mkono wa kushika hulazimika kugeukia upande mwingine. Namna zao za kukaa hupungua. Mafuta yakijitenga, maji hurudishiwa namna zake. Uzito huamua nani akae juu na nani chini, lakini hauamui kwamba watengane. Mstari ule safi ndani ya chupa umechorwa na entropi.

La pili nitalieleza kwa haraka, ingawa ni zuri sana. Mwaka 1949 Lars Onsager, Mnorwe aliyekuwa akifundisha Marekani, aliuliza: vijiti vyembamba virefu vikielea ndani ya kimiminika, visivutane wala visisukumane, ila tu visiweze kupenyana, vitafanya nini ukiviongeza? Alithibitisha kwa hesabu kwamba vikizidi wingi fulani vitajipanga vyote kuelekea upande mmoja. Fungua kiberiti uone sababu. Njiti zikiwa zimelala zote sambamba, kila moja huteleza mbele na nyuma bila shida. Zimwage ovyo ndani ya kisanduku hicho hicho na zitakwama, kila moja imezuiwa na jirani yake, na huenda kisanduku kisifunge. Kijiti kinachokubali kuelekea upande mmoja na wenzake hupoteza uhuru wa kugeuka, lakini hupata uhuru wa kwenda. Wakishakuwa wengi, uhuru wanaoupata huwa mkubwa kuliko wanaoupoteza, na jumla ya namna huongezeka. Jambo hilo lilikwishaonekana tayari mwaka 1936 kwenye maji yenye virusi vinavyoshambulia tumbaku, ambavyo ni vijiti vya urefu wa nanomita 300 hivi na unene wa nanomita 18. Maji yenye virusi vingi yalijigawa sehemu mbili, ya chini ikiwa na vijiti vilivyojipanga.

La tatu ndilo linalonifanya niandike, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndilo lililowashinda hata wataalamu.

Fikiria mipira migumu, kama gololi ndogo mno, isiyovutana hata chembe na isiyosukumana mpaka igusane. Haina gundi, haina sumaku, haina umeme. Inatikiswa na joto, basi. Je, mipira kama hiyo inaweza kujipanga yenyewe kuwa fuwele, safu juu ya safu, kama atomu za chumvi? Katika miaka ya 1950 swali hili liligawa watu. Kwenye mkutano mmoja mwanafizikia George Uhlenbeck aliwaomba waliohudhuria wapige kura, na kura ziligawanyika karibu nusu kwa nusu. Waliokataa walikuwa na sababu nzito. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba fuwele hujengwa na mvuto: atomu huvutana, hutoa nishati, hukaa mahali pake. Barafu hufanya hivyo hasa, na ndiyo maana barafu haikanushi neno lao. Maji yakiganda entropi yake hushuka kweli, ila joto linalotoka huongeza entropi ya nje kwa kiasi kikubwa zaidi. Mipira migumu haina joto la kutoa. Ingelipa fuwele yake kwa nini?

Mwaka 1957 Berni Alder na Thomas Wainwright wa Livermore, Marekani, waliifundisha kompyuta ya wakati ule kufuatilia mgongano mmoja baada ya mwingine wa mipira michache. W. W. Wood na J. D. Jacobson wa Los Alamos walifanya hesabu hiyo hiyo kwa mbinu nyingine. Wote walikuta ishara ile ile: mipira ikishasongamana kiasi fulani, hugeuka kutoka hali ya kimiminika ikawa fuwele. Leo tunajua mipaka yake vizuri. Mipira ikijaza chini ya asilimia 49.4 ya nafasi, ni kimiminika. Ikijaza zaidi ya asilimia 54.5, ni fuwele. Katikati ya hapo, hali hizo mbili hukaa pamoja.

Malipo yako wapi? Nenda kwa muuza machungwa yeyote barabarani. Machungwa aliyoyamwaga kwenye gunia ovyo hujaza takriban asilimia 64 ya nafasi, na hapo yamekazana, huwezi kuyasogeza. Yale aliyoyapanga piramidi juu ya meza, kila chungwa likikaa kwenye kishimo kati ya yaliyo chini yake, hujaza asilimia 74. Piramidi ina akiba. Sasa yafanye machungwa yajaze asilimia 60 tu. Yale yaliyokaa ovyo karibu yamefika ukomo wake: kila moja limebanwa, linagusana na majirani, halina pa kutikisika. Yale yaliyopangwa bado yako mbali na ukomo, na kila chungwa lina kijichumba chake kidogo cha kuchezacheza. Mpira unapoingia kwenye fuwele hupoteza uhuru wa kuzurura kotekote, lakini hupata chumba. Zidisha vyumba hivyo vyote na utaona kwamba fuwele ina namna nyingi zaidi kuliko msongamano wa ovyo. Entropi inapanda, na inapopanda mbele ya macho yako panazuka safu zilizonyooka.

Kuna atakayesema kwamba hiyo ni kompyuta. Mwaka 1986 Peter Pusey na William van Megen waliweka ndani ya kimiminika vijimpira vya plastiki vyenye upana wa chini ya sehemu moja kwa elfu ya milimita, vilivyoandaliwa visivutane. Katika chupa zenye vijimpira vichache hakukutokea kitu. Katika zile zenye vingi zaidi zilizuka fuwele ndogondogo zinazometameta kwa rangi kama kito cha opali, na rangi hiyo ni ushahidi, maana mwanga hugawanyika hivyo pale tu vijimpira vinapokuwa vimekaa kwa vipimo vinavyojirudia. Na atakayesema kwamba labda ni uzito uliovishusha chini ukavipanga, ana haki ya kuuliza, na swali lake lilijibiwa. Mwaka 1995 sampuli za aina hiyo zilipelekwa angani na chombo cha Columbia, mahali uzito hauhisiki. Zilijipanga kule pia. Hata zile zilizosongamana mno, ambazo hapa duniani zilikaa zaidi ya mwaka bila kuganda, kule ziliganda ndani ya safari ya wiki mbili hivi. Uzito haukuwa unasaidia, ulikuwa unazuia.

Hapa mtetezi mwerevu wa neno fujo hubakiwa na hoja moja, na ninaiheshimu kuliko zote. Husema: "Sawa, safu zimenyooka, lakini kutikisika ndani ya vile vyumba ni fujo ya aina nyingine, iliyojificha. Ukijumlisha, fujo imeongezeka." Nimeitafakari hoja hii kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kukuambia kabla ya jaribio kama mipira itajipanga au haitajipanga. Inasubiri hesabu ya namna ifanywe, kisha inabandika neno fujo popote hesabu ilipoangukia. Kwa mafuta fujo imo kwenye maji, kwa vijiti imo kwenye kuteleza, kwa mipira imo kwenye kuchezacheza. Neno linalofuata hesabu kila linakokwenda halijaeleza kitu. Hesabu ndiyo iliyoeleza. Na anayekubali kwamba "fujo" maana yake ni idadi ya namna, hata pale jicho linapoona gwaride, amekubaliana nami. Amebaki na jina tu, na jina hilo litampotosha mwanafunzi wake.

Hebu sasa turudi kwa wale wanaojenga juu ya jina hilo.

Dai kwamba uhai unapingana na kanuni ya pili lina makosa mawili, na lile linalotajwa sana si kubwa kuliko mwenzake. Linalotajwa ni kwamba kanuni inahusu mfumo uliofungiwa, na hakuna kiumbe aliyefungiwa. Pitisha mkono nyuma ya friji: ndani maji yanaganda, nyuma pana joto, na joto la nyuma linalipa zaidi ya gharama ya barafu ya ndani. Hakuna anayesema friji imevunja kanuni. Erwin Schrödinger alilifafanua jambo hili katika mihadhara yake ya Dublin mwaka 1943, iliyotoka kama kitabu mwaka uliofuata. Dunia yetu nzima ni hivyo. Inapokea mwanga kutoka kwenye jua lenye uso wa karibu kelvin 5,800, na inarudisha angani kiasi kile kile cha nishati, lakini kama mionzi ya joto, kwa wastani kana kwamba ni kitu chenye kelvin 255. Kwa kila fotoni moja inayoingia, hutoka takriban 20. Nishati ni ile ile ila imegawanywa kwa wengi, na namna za kuigawa zimeongezeka mno. Ndani ya pengo hilo mna nafasi ya mahindi, ya samaki, na ya mtu anayesoma makala hii.

Kosa la pili ndilo ninalolitilia mkazo. Wanaotoa jibu la friji mara nyingi hukubali kimyakimya kwamba ndani ya kiumbe entropi ni adui, na kwamba uhai ni vita dhidi yake. Si hivyo. Utando unaoizunguka kila seli ya mwili wako hujiunga wenyewe kwa sababu ile ile inayotenga mafuta na maji. Protini hujikunja ikapata umbo lake kwa msaada mkubwa wa sababu hiyo hiyo. Seli nayo imesongamana: katika bakteria wa kawaida wa tumboni, kati ya asilimia 20 na 30 hivi ya nafasi imejaa molekuli kubwa. Sho Asakura na Fumio Oosawa walionyesha huko Japani mwaka 1954 kwamba vitu vikubwa vikiwa katikati ya umati wa vitu vidogo husukumwa pamoja bila kuvutana, kwa kuwa vikubwa vikigusana vidogo hupata nafasi zaidi. Entropi ni fundi mmojawapo ndani ya seli, anafanya kazi kila sekunde. Wanaotuambia kwamba uhai umesimama licha ya entropi wamesahau kwamba kwa sehemu umesimama kwa ajili yake.

Kuhusu jamii nitasema machache, kwa kuwa hakuna mengi. Ni kweli kwamba barabara isiyotunzwa hupasuka na taasisi isiyosimamiwa huoza, na anayetaka watu wawajibike ana hoja nyingi nzuri za kutumia. Lakini hakuna aliyewahi kuhesabu W ya wilaya. Watu si chembe zinazogawana nishati maalumu ndani ya chupa iliyofungwa. Wana kumbukumbu, wana nia, wanakula, wanajifunza. Na hata kama tungekubali mfano huo, tumekwishaona kwamba umati wa vitu visivyo na kiongozi, vilivyoachwa vyenyewe, mara nyingine hujipanga, na kwamba kuvizuia visisogee ndiko kunakoviweka kwenye mkwamo. Sisemi hilo linathibitisha siasa ya upande wowote. Ninasema anayetafuta utetezi wa mkono mzito autafute kwingine, asije kuuomba kwa Boltzmann.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu wa kidato cha tano, ambao wakati mada hii ikifika watatafuta mfano wa haraka na bweni liko hatua chache kutoka darasani. Acheni bweni. Ingieni na chupa ya maji na mafuta ya alizeti, kiberiti kimoja, na machungwa kumi na manne: tisa ya chini, manne juu yake, moja kileleni. Tikiseni chupa, iwekeni mezani, muwaulize wanafunzi maji yana namna ngapi mafuta yakiwa ndani yake na namna ngapi yakiwa nje. Wapeni dakika kumi za kuhesabu kabla hamjaandika neno lolote ubaoni.